Taa Nyekundu ya Zagayu

Ndalahwa Mahona hakupenda kuitwa fundi redio. Mjini Bariadi mafundi redio walikuwa wamejaa, kila kibaraza na meza yake, kila meza na rundo lake la spika zilizopasuka, na wengi wao, tuseme ukweli, walijua kupuliza vumbi na kuunga waya, basi. Yeye alitoka kwenye kinu. Tangu ndevu zake za kwanza alitunza umeme wa kinu cha kuchambua pamba cha ushirika, na alipopita mtaani walikuwapo watu waliomwita Enjinia. Hakuwahi kumsahihisha hata mmoja wao.

Enzi hizo Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mkoa ulikuwa haujazaliwa, na mambo yote ya serikali yalikwenda Shinyanga. Kilichokuwa kimezaliwa ni soko huria. Tulitangaziwa kwamba sasa mkulima atamuuzia amtakaye, wanunuzi watagombania pamba yake, naye atakaa kitako akichagua. Wanunuzi walikuja kweli, na malori yao na mizani zao. Ushirika ukafa polepole: kwanza magari, kisha mishahara, mwishowe hata mlinzi wa geti akajiondokea na rungu lake. Wafanyakazi walipoitwa kuambiwa kwamba wamepunguzwa, Ndalahwa alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka masomoni Mwanza.

Huko alikuwa amepelekwa kusomea bodi. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta ndogo ya bodi moja, haizidi kiganja cha mtu mzima, ya kuongoza mtambo wa kufunga marobota, na Ndalahwa alichaguliwa kujifunza namna ya kuiagiza kazi. Alirudi na ujuzi wake wote kichwani, akakuta geti lina kufuli. Mitambo ikauzwa kwa mnada kama vyuma chakavu. Walionunua walinunua kwa uzito, na bodi haikuwa na uzito wowote, hivyo hakuna aliyeitaka. Akaitia mfukoni akaenda nayo nyumbani. Mkewe Generoza alipouliza ni nini hicho, alimjibu kwamba hiyo ndiyo pensheni.

Generoza hakucheka, na alikuwa na haki.

Kilichomuuma Ndalahwa zaidi ya njaa ni dada yake. Wazazi wao walikufa mapema, na Nyanjige ndiye aliyemlea tangu mchanga huko kijijini Zagayu alikoolewa, akamsomesha kwa pamba ya shamba lake mwenyewe. Mpaka anaota mvi Ndalahwa alimwita mayu, mama. Sasa Nyanjige alikuwa mjane, na watu wa Zagayu walimjua kwa jambo moja: namna alivyochuma. Alijifunga mifuko miwili kiunoni. Wa kulia ulikuwa wa pamba safi, nyeupe, isiyo na jani. Wa kushoto ulikuwa wa fifi, ile iliyotiwa madoa na wadudu. Siku za ushirika kila mtu alichuma hivyo, maana karani alizipokea mbalimbali. Soko huria halikuwa na haja na usafi. Mnunuzi alitupia zote kwenye roba moja, akapima, akaondoka. Watu wakaacha kuchambua. Mtu akishaona usafi hauna maana, uchafu hauko mbali: wengine wakaanza kunyunyizia pamba maji iwe nzito, wengine wakatia mchanga. Nyanjige aliendelea na mifuko yake miwili. Jirani zake walimtania kwamba anachambua kwa ajili ya ushirika uliokufa, naye aliwajibu kwamba roba la mtu likifunguliwa, ni yeye mwenyewe anayefunguliwa.

Sasa aje Paschal.

Paschal alikuwa meneja wa ununuzi wa kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja, hata yenyewe ilikuja kubadili jina. Kijana mnene, mcheshi, mtu wa Mwanza, ana salamu kwa kila mtu. Alikuja kibarazani na redio ya gari, akaikuta ile bodi mezani, akauliza. Ndalahwa hakuhitaji kuulizwa mara ya pili. Alizungumza mpaka redio ikapona.

"Kwa hiyo hii inaweza kujua kitu kimelowa?" Paschal aliuliza.

"Ukiifundisha."

"Enjinia, Wasukuma wananiuzia maji. Nikifika kinuni pamba imeoza katikati ya roba. Nitengenezee kitu cha kuniambia kabla sijapima. Ukiweza, kazi unayo, na gari la kampuni litakuwa linakufuata hapa hapa."

Akaweza. Alichukua spoku mbili za baiskeli, akazinoa ncha, akazifunga kwenye mpini wa mti zisigusane. Spoku moja aliitia umeme kidogo wa betri. Ya pili akaiunga kwenye mmoja wa miguu ya bodi, vile vijisindano vya chuma vinavyosoma umeme. Ukizichoma kwenye roba, pamba ikiwa kavu umeme haupiti, na mguu hausikii kitu. Ikiwa imelowa, umeme unavuka kwenye unyevu kutoka spoku hadi spoku na kuufikia mguu. Maagizo aliyaandika kwenye kompyuta kuukuu ya parokia, kwa ruhusa ya padri: uulize mguu, kuna umeme? Hakuna, washa taa ya kijani. Upo, washa nyekundu. Uliza tena. Na tena, bila kuchoka, mpaka betri ife.

Watu walidhani bodi ina akili. Haina. Mguu unaosoma unajua mambo mawili tu, kuna na hakuna, na haujui lingine lolote duniani. Haujui maji wala jasho, haujui mwizi wala mjane. Tena una tabia moja mbaya ambayo Ndalahwa aliifahamu vizuri: ukiuacha bila kuufunga, hautulii. Ni ndama asiye na kamba, upepo ukivuma upande huu yuko huku, ukivuma ule yuko kule. Ndiyo maana fundi anauunga mguu na upande hasi wa betri kwa risista, kidude kidogo cha kubana umeme. Risista ndogo ni kamba fupi: ndama hasogei mpaka avutwe kwa nguvu, na maji ya ndoo yanamvuta, lakini umande haumwezi. Risista kubwa ni kamba ndefu, na mwenye kamba ndefu huvutwa na chochote. Ndalahwa alitafuta kamba ya kadiri. Alijaribu kwa pamba kavu, kwa pamba ya asubuhi, kwa pamba aliyoimwagia maji mwenyewe, mpaka akaridhika. Ilikuwa kazi safi, na lazima niseme hivyo kwa sababu ya yatakayofuata.

Kituo cha kwanza kikawa Zagayu. Siku hiyo Ndalahwa alivaa shati la kanisani. Mzee mmoja aliyelowesha pamba yake mpaka ikanuka alichomwa roba, taa ikawaka nyekundu mchana kweupe, na watu wakapiga kelele za furaha kana kwamba wameona mpira umeingia golini. Mkulima huyo mwenyewe alicheka akakiri. Nyanjige alikuwa kwenye foleni. Roba zake ziliwaka kijani zote, akamtazama mdogo wake kwa macho ambayo Ndalahwa angetoa chochote kuyaona tena.

"Wabeja, ng'wana Mahona," alimwambia mbele ya watu. Ahsante, mtoto wa Mahona. "Sasa wanaochuma vizuri wataonekana."

Laiti mambo yangeishia hapo.

Baada ya wiki chache Paschal alisimamisha gari kibarazani. Alikuwa bado mcheshi, ila alikuja na neno. Mashine ilikuwa na huruma mno, alisema. Roba nyekundu alikuwa anaruhusiwa kuikataa, au kuichukua kwa bei ya pamba mbovu, na wakubwa wake walitaka kuona nyekundu nyingi zaidi.

"Ifanye kali kidogo."

"Ikizidi ukali itasema uongo," Ndalahwa alisema.

"Nani ataujua? Wewe ndiye Enjinia." Paschal akamgusa bega. "Au nimtafute wa Mwanza?"

Ndalahwa aliufikiria mlango wa nyumba yake, uso wa Generoza, na shati la kanisani. Akafikiria pia, nisimfichie aibu yake, namna watoto wa shule walivyokuwa wanakimbilia gari la kampuni wakiita Enjinia, Enjinia. Akachukua chuma cha kuchomelea, akang'oa ile risista, akaweka nyingine kubwa kuizidi kwa mbali. Haikumchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Akamlegezea ndama kamba.

Nyekundu zikaongezeka. Asubuhi, kabla umande haujakauka, ziliwaka mfululizo, na watu wakajifunza kuja jua likiwa utosini. Waliokuwa wanalowesha kweli hawakushangaa. Waliokuwa hawaloweshi walinung'unika kidogo, wakanyamaza, maana ukilalamika utaonekana una lako. Hapo Paschal akatoa tangazo: Zagayu pamezidi maji, wasipojirekebisha kampuni itahamishia kituo Mwamapalala, wabebe wenyewe roba zao kwa punda.

Sungusungu wakaita mkutano. Ntemi wao, kiongozi wa ulinzi wa kijiji, alikuwa Mhoja, mtu mkali asiyekula rushwa, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari kuliko mla rushwa. Wakakubaliana: mtu ambaye roba lake litawaka nyekundu tangu siku hiyo anatengwa. Anayetengwa kwa Wasukuma hapewi moto wala salamu. Ng'ombe wake hawanywi na wa wenzake. Akifiwa anachimba kaburi mwenyewe. Anayemsaidia naye anatengwa. Na harudi kundini mpaka akiri kosa kwa kinywa chake mbele ya watu, kisha achinje ng'ombe wale wote. Ng'ombe si neno, ng'ombe anapatikana. Kukiri ndiko mlango, na hakuna mlango mwingine.

Nyanjige alinyoosha mkono kuunga mkono azimio hilo. Alinyoosha juu kabisa.

Roba lake la mwisho la msimu alilileta umande ulipokauka tu, wa kwanza kwenye foleni, desturi yake tangu enzi za ushirika. Karani akachoma spoku. Taa ikawaka nyekundu. Akachoma upande mwingine, nyekundu. Watu hawakupiga kelele mara hii. Nyanjige aliiangalia taa, akamwangalia karani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Rudia." Karani akarudia. Mhoja alikuwa amesimama pale na fimbo yake, akainamisha kichwa, akaandika jina lake ardhini kwa ncha ya fimbo, akalifuta kwa mguu. Ndivyo walivyofanya.

Habari ilimfikia Ndalahwa mjini kabla ya jioni. Alipanda baiskeli.

Dada yake alikuwa amekaa mlangoni, mikono mapajani, bila kazi yoyote, na Ndalahwa hakukumbuka kumwona hivyo maishani mwake.

"Mwadila, mayu," alimpa salamu ya jioni.

"Mwadila." Alimpisha apite. "Kaangalie mwenyewe. Sijaitia hata tone."

Roba lilikuwa limerudishwa pale pale lilipolala kabla, juu ya kitanda cha miti kwenye chumba cha ndani. Ndalahwa akatia mkono. Pamba ilikuwa nyeupe, safi, laini. Alikuwa karibu kuondoa mkono alipokanyaga kitu chini ya kitanda. Ulikuwa mfuko wa magadi, ile chumvi ya udongo inayotoka upande wa Meatu, inayolambishwa ng'ombe. Kila nyumba yenye ng'ombe inayo, na kila nyumba ndogo inaiweka mahali penye nafasi. Akachomoa pamba kidogo chini ya roba, akaitia ulimini. Ilikuwa na chumvi. Magadi hunywa unyevu wa hewa hata jua likiwaka, na vumbi lake lilikuwa limepanda na kuingia kwenye roba. Hakuna mtu angeuhisi unyevu ule kwa kiganja. Kwa kamba fupi hata bodi isingeuhisi. Kwa kamba ndefu, ulitosha.

Akamweleza dada yake habari ya magadi. Ya kamba hakumweleza.

"Basi kawaambie," Nyanjige akasema, na uso wake ukafunguka. "Wewe ndiye uliyeitengeneza. Watakusikia."

Mkutano ulikaa kesho yake uwanjani karibu na mizani, jua likianza kulegea. Paschal alikuja na gari, akasimama kando akila karanga. Ndalahwa alieleza magadi. Watu walimsikiliza kwa adabu. Mhoja akauliza swali moja: kuna nyumba gani hapa isiyo na magadi? Hakuna. Mbona wengine waliwaka kijani jana? Ndalahwa akasema wengine hawakulaza pamba juu yake. Watu wakatazamana. Mtu anayemtetea dada yake husema chochote, na wala hawakumlaumu kwa hilo.

Ndipo akafanya alilolifikiria njiani kote. Aliwasha mashine. Akaonyesha viganja vyake kwa watu, akavipaka vumbi la uwanja, akavikung'uta, akavionyesha tena kwamba ni vikavu. Kisha akashika spoku mbili, moja kila mkono, bila pamba, bila chochote.

Taa ikawaka nyekundu.

"Mnaona?" alisema kwa sauti kubwa. "Mimi nimelowa? Nimemwagiwa maji? Inaongopa!"

Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake nyuma. Kisha mzee mmoja upande wa nyuma akasema, si kwa chuki, kwa mshangao tu:

"Imemtambua. Damu ni moja."

Neno likapita kinywa hadi kinywa. Kwa nini isiwake kwake? Mama mmoja, baba mmoja. Kitu kinachoona ndani ya roba lililofungwa kitashindwaje kuona ndani ya mtu? Ndalahwa alisimama na spoku mikononi, taa ikimwangazia kifua, akahisi jasho sasa kweli linamtoka.

"Basi shika wewe, namhala, mzee wangu," alimsihi Mhoja. "Shika mtu yeyote! Itawaka kwa kila mtu. Njooni mshike!"

Hakuna aliyesogea. Nani angekubali kwenda kushika kitu kile mbele ya kijiji kizima, kiwake, atengwe na watoto wake? Mhoja, asiyeogopa simba, alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Ndalahwa akamgeukia Paschal.

"Meneja, shika wewe."

"Mimi siuzi pamba, Enjinia," Paschal akasema huku akitabasamu, akatupia karanga mdomoni. Ila macho yake hayakutabasamu. Yalikuwa yanamwambia jambo, na Ndalahwa alilielewa.

Lilibaki neno moja. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingeweza kumwokoa dada yake, nalo lilikuwa ulimini mwake pamoja na ladha ya magadi: mimi ndiye niliyeilegeza, na huyu hapa ndiye aliyeniagiza. Hilo wangelielewa. Mashine hawakuijua, lakini mtu aliyelegeza kamba kwa makusudi wanamjua tangu dunia iumbwe. Nyanjige alikuwa amesimama peke yake katikati, anamtazama, anasubiri. Ndalahwa akazima mashine, akaanza kukunja waya, taratibu, vizuri, kama fundi anavyokunja.

Dada yake akatengwa jioni ile.

Sitaeleza kila kitu. Nitasema kwamba nyasi za paa lake zilioza mvua za mwanzo na hakuna aliyekuja kuezeka. Kwamba kisimani wanawake walimpisha, wakasubiri ateke aondoke, kisha wakasogea. Kwamba padri alimpa komunyo kanisani, lakini benchi alikaa peke yake. Waliomjua tangu aolewe walipita mlangoni kwake wakiangalia njia. Wengine walikuwa wanalia moyoni, naamini, lakini azimio ni azimio, na yeye mwenyewe alilinyooshea mkono. Kila mara Mhoja alimtumia mjumbe kumuuliza kama yuko tayari kukiri, na kila mara alijibu kwamba hana cha kukiri.

Ndalahwa alikuwa mtu wa mjini, azimio la Zagayu halikumshika. Alimpelekea chumvi, kiberiti na mafuta ya taa. Siku moja hakuweza tena, akamweleza: risista, Paschal, kamba, yote.

Nyanjige alikuwa anachambua pamba ya mbegu, na vidole vyake havikusimama.

"Kawaambie hayo," alisema.

"Mayu, nitafukuzwa. Watoto wako shule. Na hata nikisema sasa, watasema mbona hukusema siku ile."

"Watasema hivyo kweli."

"Nitaitengeneza. Msimu ukianza tena itakuwa imetengenezwa. Utaleta pamba yako, itawaka kijani mbele ya wote, na jina lako litarudi."

Alikuwa anamaanisha kila neno. Huo ndio ubaya wake. Mtu mwovu angemdanganya tu dada yake, lakini Ndalahwa alijidanganya na yeye mwenyewe, akaenda nyumbani akiwa amepata usingizi.

Alitimiza ahadi. Kabla ya msimu aling'oa risista ile kubwa, akarudisha ya zamani, kamba ya kadiri, akaijaribu kwa magadi, kwa umande, kwa viganja vyake vikavu. Kijani, kijani, kijani. Paschal hakugundua. Alikuwa amepandishwa cheo, yuko Mwanza, na meneja mpya hakujua hata spoku zinaingia wapi. Ujasiri wote ambao Ndalahwa alihitaji ulikuwa umepoteza kazi yake.

Mhoja aliruhusu roba la Nyanjige lipimwe kwanza, peke yake, mbele ya kijiji. Ilikuwa haki yake, aliyetengwa anaweza kuomba jaribio. Watu walijaa. Nyanjige alikuja na khanga yake nzuri, amekonda, roba limebebwa na punda kwa kuwa hakuna binadamu aliyembebea. Karani akachoma spoku.

Kijani. Akachoma tena, na tena, pande zote. Kijani.

Ndalahwa aligeuka kuwatazama watu, moyo unampasuka kwa furaha. Nao walifurahi kweli! Wanawake wakapiga vigelegele. Mhoja mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwa sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Mmeona? Adhabu imemfundisha. Ameacha!"

"Ameacha," watu wakaitikia. "Ameacha!"

Ndalahwa alisimama pale na mashine yake nzima, sahihi, inayosema kweli, na ukweli wake ulikuwa umemtia hatiani dada yake mara ya pili. Maana kama leo ni kijani, basi ile nyekundu ilikuwa nyekundu halali. Alipiga hatua. Sasa angesema, Mungu ni shahidi, sasa angelisema lile neno. Lakini Nyanjige alimwona, akamzuia kwa kiganja. Alikuwa ameshachoka. Aliwatazama wale wanawake waliokuwa wanamngoja, wamenyoosha mikono nusu, hawawezi kumgusa mpaka aseme. Akapiga magoti vumbini.

"Nililowesha," alisema. "Nisameheni."

Wakamwangukia kwa kumkumbatia. Wengine walilia machozi ya kweli, na wapo waliokuwa wamembeba Ndalahwa mgongoni alipokuwa mchanga.

Ng'ombe alichinjwa siku hiyo hiyo, dume jekundu la marehemu mume wake. Kijiji kizima kilikula, kikacheka, na paa likapata watu wa kuezeka kabla nyama haijaisha. Mhoja alitoa hotuba fupi ya kuisifu mashine. Ndalahwa alikaa pembeni juu ya kigogo, karibu na bodi yake. Nyanjige alikuja na sahani, akaiweka magotini kwake, akasimama akimngoja. Alichukua pande moja, akalirudisha sahanini.

"Kula, ng'wana Mahona," dada yake alimwambia taratibu, ili wengine wasisikie. "Ng'ombe ni wa uongo, lakini nyama ni ya kweli. Kula, wanakuangalia."

Akala.